Roboti Chumbani na Utumwa wa Macho

Mwaka 2015, katika mkutano wa wataalamu wa roboti uliofanyika Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, Guy Hoffman na watafiti wenzake kutoka Israeli na Marekani waliwasilisha utafiti juu ya swali ambalo si geni kanisani. Waliuliza: je, kuwapo kwa roboti chumbani kunaweza kumfanya mtu awe mwaminifu zaidi? Tumeona vema tuusome utafiti huo pamoja na washarika kwa sababu mbili. Kwanza, waandishi wake wanayaelekeza majibu yao kwenye maeneo ya kazi, shule na ofisi za umma, yaani mahali tunapoishi. Pili, ndani yake kuna jambo moja ambalo msomaji anaweza kulipita haraka, nalo linatuhusu sana sisi tunaoungama dhambi zetu kila Jumapili.

Utafiti wenyewe

Tuueleze kwanza kwa haki. Washiriki walipewa kazi ya kutazama na kutoa majibu, na walilipwa kwa majibu hayo. Kazi ilipangwa kwa makusudi ili yule asiyefuata maelekezo apate fedha nyingi kuliko anayeyafuata. Kulikuwa na makundi matatu. Kundi la kwanza lilikuwa la waliofanya kazi peke yao chumbani. La pili lilikuwa la waliofanya kazi huku mtu mwingine yumo chumbani. Hakuwa msimamizi wao, alikuwapo tu. Kundi la tatu liliwekewa roboti, nayo haikuwekwa kusimamia. Ilikuwa kichwa kinachogeuka na kuinama, chenye macho yanayoonekana kwenye kioo, kilichotengenezwa mahususi kwa ajili ya utafiti huo.

Matokeo yalikuwa haya. Watu walidanganya katika makundi yote matatu. Lakini waliokuwa na mtu, na waliokuwa na roboti, walidanganya kidogo kuliko waliokuwa peke yao; na kati ya mtu na roboti hapakuwa na tofauti. Roboti ilizuia udanganyifu sawasawa na binadamu. Kisha likaja tokeo la mwisho: waliodanganya mbele ya roboti walijiona na hatia kidogo sana kuliko waliodanganya mbele ya mtu.

Tunawapongeza watafiti hao. Hawakuficha kwamba mwanadamu hudanganya hata akiwa na mwenzake pembeni, jambo ambalo mafundisho yetu juu ya dhambi ya asili hayakupata kulikana. Tena hawakuweka mlinzi mwenye rungu mlangoni. Waliuliza juu ya kuwapo tu. Hapo wamegusa kitu ambacho kila mzazi anakijua: mama akiwa jikoni, mtoto hagusi sukari, hata kama mama amempa mgongo.

Tena hawakuwa wa kwanza kuona nguvu ya macho. Mwaka 2006 Melissa Bateson, Daniel Nettle na Gilbert Roberts wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walichapisha habari za chumba cha chai cha idara yao. Hapo palikuwa na sanduku ambalo kila anayejimiminia chai au kahawa alitakiwa kutia fedha mwenyewe, bila mtu wa kumdai. Juu ya tangazo la bei walibandika picha. Wiki moja ilikuwa picha ya maua, wiki inayofuata picha ya macho ya mtu. Katika wiki za macho zilipatikana karibu mara tatu ya fedha za wiki za maua. Hayo yalikuwa macho ya karatasi! Basi tusishangae kwamba kichwa kinachogeuka na kupepesa kinaweza kumfanya mtu asite.

Hatamu na kioo

Lakini je, kusita huko ndiko uaminifu? Hapa ndipo tunapoachana na wale watakaousoma utafiti huu na kutangaza kwamba mashine imepata dawa ya udanganyifu.

Maungamo ya Kilutheri ya mwaka 1577 yanafundisha kwamba Sheria ya Mungu ina matumizi matatu. Ni hatamu inayomzuia mkosaji asiharibu maisha ya wengine. Ni kioo kinachomwonyesha mtu dhambi yake ili amkimbilie Kristo. Tena ni mwongozo wa maisha kwa aliyekwisha kuamini. Tukiupima utafiti kwa kipimo hicho, tunaona kwamba roboti ilifanya kazi ya hatamu, na iliifanya vizuri. Hatuidharau kazi hiyo. Mungu anaulinda ulimwengu kwa hatamu, kwa polisi, kwa mahakama, kwa kufuli ya duka na kwa daftari la mhasibu. Lakini kioo hakikufanya kazi. Mkono wa yule mtu ulizuiwa kwa kiasi fulani, na pale usipozuiwa, moyo wake haukuchomwa kama ambavyo ungechomwa mbele ya mwenzake. Roboti ile ilikuwa na kioo usoni, lakini si kioo hiki.

Mtume Paulo alikuwa na jina la uaminifu wa namna hii. Katika Waefeso 6 na Wakolosai 3, alipowaandikia watumishi, aliuita utumwa wa macho: kazi inayofanywa vizuri kwa kuwa bwana anatazama. Wahenga wetu nao walisema paka akiondoka panya hutawala. Roboti ni paka asiyelala. Hata hivyo, paka asiyelala hambadilishi panya.

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 alianza maelezo ya amri na kumcha na kumpenda Mungu. Hakuanza na nani anatazama. Alipofika kwenye amri ya saba hakuishia kwenye kutoiba. Alitaka tumsaidie jirani kuitunza na kuiendeleza mali yake. Watafiti walipima mtu amechukua kisicho chake kiasi gani. Hawakupima kama mtu huyo angepoteza kidogo ili mwingine asidhulumiwe, na hatudhani kwamba kichwa cha roboti kingeweza kumfikisha huko.

Kwa nini hatia ilipungua?

Watafiti waliuliza pia jinsi washiriki walivyoyaona mamlaka ya yule mtu na mamlaka ya ile roboti, na hawakuona tofauti. Hili lina uzito. Maana yake ni kwamba hatuwezi kusema hatia ilipungua kwa sababu roboti ilidharauliwa. Tena tukumbuke kwamba yule mtu aliyekuwa chumbani hakuchukuliwa kitu mfukoni mwake. Fedha hazikuwa zake. Aliyedanganywa alikuwa mlipaji, naye hakukaa pale kama mdai. Hata hivyo, uso wa binadamu asiyedhulumiwa ulitosha kumkumbusha mtu kwamba duniani kuna watu wanaodhulumika. Uso wa mashine haukutosha.

Lugha yetu inatusaidia kuelewa kwa nini. Kwa Kiswahili, asiyedanganya ni mwaminifu, na anayetunza ahadi ya ndoa ni mwaminifu, na mtumishi anayetegemewa ni mwaminifu. Neno ni moja, na mzizi wake ni ule wa kuamini, wa imani na wa amana. Uaminifu wetu si hesabu ya makosa tuliyojizuia kuyatenda. Ni jambo lililo kati ya anayeamini na anayeaminiwa. Ukimdanganya jirani, umeivunja amana aliyoiweka kwako, na ndiyo maana dhamiri inauma. Roboti haikukuamini. Haijaweka kwako amana yoyote, haitalala na njaa kwa sababu yako, wala haitakuona tofauti kesho. Inarekodi, lakini haisikitiki. Basi dhamiri inakaa kimya kwa kuwa haijaona mtu wa kumwangalia usoni.

Mashine tuliyoizoea

Kuna upungufu mwingine. Utafiti ulimkuta mtu mbele ya roboti ambayo kwake ilikuwa kitu kipya. Haukutuambia nini hutokea mashine ikishakuwa jirani wa kila siku. Kwa hili hatuna haja ya kwenda mbali. Mashine za risiti za kielektroniki, hizi tunazoziita EFD, zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010. Kazi yake ni hatamu: kila mauzo yaandikwe, kodi isipotee. Ni chombo kizuri, na barabara na dawa tunazozidai zinatoka humo. Lakini nani kati yetu hajasikia dukani swali la bei mbili, ya risiti na ya bila risiti? Mashine iko palepale juu ya meza, imewashwa, wala haijaharibika. Muuzaji na mnunuzi wanaizunguka tu, na wanaagana kwa tabasamu, wala hakuna anayejiona ameiba. Mnunuzi anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya, na muuzaji mzee wa kanisa.

Barabarani ni vivyo hivyo. Askari akiwa na tochi ya kupimia mwendo, gari linashuka hadi kilomita 50 kwa saa. Madereva wanaopishana wanawashiana taa kuonyana, na kilomita mbili mbele mwendo unarudi ulivyokuwa, pamoja na watoto wanaovuka kwenda shule. Dereva amejifunza mahali tochi inapokaa. Hajajifunza kumhurumia mtoto.

Hili ndilo tunaloliogopa katika matumaini ya utafiti huu. Mtu anayezuiwa na mashine kwa miaka mingi anaweza kufikia mahali ambapo swali lake pekee ni kama mashine imeona. Haulizi tena nani ameumia. Adamu alijificha kati ya miti ya bustani, na sisi wazao wake tumekuwa hodari wa kujua kila kamera inaishia wapi.

Ukweli usio na gharama

Mtu anaweza kutupinga hivi: mbona mbele ya mashine watu husema ukweli zaidi? Pingamizi hilo ni la kweli, nasi tunalipokea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California walichapisha habari za watu waliohojiwa na sura ya mtu iliyotengenezwa kwa kompyuta. Baadhi yao waliamini kwamba sura hiyo inaendeshwa na mtu, wengine kwamba kompyuta inajiendesha yenyewe. Walioamini kwamba ni kompyuta hawakuogopa sana kujifunua, hawakujali sana jinsi wanavyoonekana, na walionyesha huzuni yao wazi zaidi. Hata mapema zaidi, mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu yake iliyoitwa ELIZA, iliyojibu kwa maandishi kama mshauri. Alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyejua kabisa kuwa ile ni programu tu, alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani.

Leo programu za namna hiyo, zenye uwezo mkubwa mara nyingi zaidi, zimo ndani ya simu za washarika wetu. Mtu anaweza kuiandikia akili mnemba usiku wa manane jambo ambalo hajamwambia mke wake wala mchungaji wake: deni, mtoto wa nje, fedha za kikundi alizozitumia. Hatumcheki. Huenda ni mara yake ya kwanza kuliandika jambo hilo kwa maneno ya wazi. Tena hofu yake tunaielewa, kwa maana anajua jinsi siri inavyoweza kutoka kwenye jumuiya na kufika sokoni kabla ya ibada ijayo.

Lakini tuangalie vizuri. Matokeo haya mawili, lile la 2015 na hili la 2014, yanatoka kwenye shina moja. Mbele ya mashine tunajiona na hatia kidogo, na mbele ya mashine tunasema wazi zaidi, kwa sababu ileile: hakuna mtu pale. Ukweli tunaoutoa huko hautugharimu kitu. Zakayo hakunong'ona tu kwamba amedhulumu. Alisimama mbele ya Yesu, watu wakisikia, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowanyang'anya. Aliyeiandikia simu kwamba ametumia fedha za kikundi anaweza kulala vizuri usiku huo, na asubuhi mweka hazina wa kikundi bado hana fedha zake.

Mlango mmoja

Mwaka 2017, katika maadhimisho ya miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, Kanisa la Kiinjili la Hesse na Nassau nchini Ujerumani liliweka Wittenberg roboti iliyoitwa BlessU-2. Mgeni alichagua lugha, na roboti ikainua mikono yenye mwanga na kumtamkia maneno ya baraka. Waliofanya hivyo walitaka watu wajadiliane: je, mashine inaweza kubariki? Waliokwenda wakicheka na waliokwenda wakikasirika wote walilazimika kulifikiri swali hilo. Sisi tungependa kuliunganisha na utafiti wa Hoffman na wenzake. Tunaona kwamba hatia na msamaha huingia kwa mlango mmoja, na mlango huo ni mtu. Kitu kisichoweza kunisamehe kwa jina la Yesu hakiwezi pia kunisimamisha kama mdhambi. Kwa hiyo ile hatia iliyopungua mbele ya roboti isidhaniwe kuwa ni nafuu. Ni dalili kwamba mlango umefungwa, na msamaha nao umebaki nje.

Tumwangalie Daudi katika 2 Samweli 12. Mungu aliyaona yote tangu siku ya kwanza. Kama kuonwa tu kungetosha, Daudi angekwisha kutubu, kwa kuwa alijua kwamba Mungu anaona. Mungu alimtuma Nathani, mtu wa nyama na damu, mwenye uwezekano wa kuuawa kwa kusema. Nathani alimletea hadithi ya maskini na mwanakondoo wake, na kwa hadithi hiyo Daudi akaona tena uso wa aliyedhulumiwa. Alipokiri, kinywa kilekile kilichomshitaki kikamtangazia kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Hayo yote yalifanyika katika mazungumzo ya watu wawili. Ndiyo maana Kanisa letu halikuiacha ungamo ya faragha, na ndiyo maana Yakobo anatuagiza tuungamiane.

Hapa tuonye pia juu ya jinsi tunavyomhubiri Mungu. Ni rahisi kumfundisha mtoto wa kipaimara kwamba Mungu ni kamera kubwa isiyozimwa. Mtoto anayefundishwa hivyo atafanya kwa Mungu kile ambacho madereva wanafanya kwa tochi. Hajiri alimwita Mungu kuwa ndiye anayemwona, na alisema hivyo akiwa jangwani, amefukuzwa na mateso, akiwa amepatikana na kusemeshwa kwa jina lake. Macho hayo humtafuta mtu. Zaburi ya 139 inaanza na mtu asiyeweza kumkimbia Mungu, na inaisha mtu huyohuyo akimwomba Mungu amchunguze. Hakuna anayeiomba kamera jambo kama hilo.

Tufanye nini basi

Hatusemi mashine ziondolewe. Sadaka inayotolewa kwa simu huacha kumbukumbu isiyofutwa na kalamu, na hilo linawalinda hata wahesabuji wasio na kosa wasisingiziwe. Usharika ulio na mfumo mzuri wa hesabu umshukuru Mungu. Tunasema tu kwamba hatamu isichukuliwe kuwa kioo, na kwamba kila mashine inapoingia, tuulize ni mtu gani ametoka.

Baraza la wazee likiamua kuweka kamera kwenye chumba cha kuhesabia sadaka, liendelee kuwaweka wahesabuji wawili au watatu wanaofahamiana na kuombeana. Kiongozi wa kikundi cha kuweka na kukopa akitumia programu ya hesabu, wanachama waendelee kukaa pamoja na kusomeana hesabu kwa sauti, ili mkopaji amwone mjane ambaye fedha yake ameikopa. Mwalimu wa kipaimara asiridhike kwamba kijana hakunakili mtihani kwa kuwa alitazamwa. Amuulize jinsi ambavyo angemtazama mwenzake usoni kama angenakili. Muuzaji na mnunuzi waiwashe EFD, wakijua kwamba nyuma ya risiti kuna mgonjwa anayesubiri kitanda. Nasi wachungaji tulinde siri ya ungamo kuliko maisha yetu, ili aliyezoea kuiambia simu ukweli usiku apate ujasiri wa kubisha hodi mchana.

Na kama msomaji wa kitabu hiki ana jambo alilokwisha kuliandika kwenye simu yake na bado halijamfikia aliyekosewa, neno letu kwake ni fupi. Umekwisha kulisema mahali pasipo na mtu. Sasa mtafute mtu, aliyekosewa akiwa hai na anapatikana, au mchungaji wako. Huko utaona haya kuliko ulivyoona mbele ya simu. Lakini huko pia kuna kinywa kilichopewa amri ya Kristo ya kukuambia kwamba umesamehewa, na mkono unaoweza kupokea ulichokuja kurudisha.